Maria Montessori na Herufi za Msasa



Mama ambaye habari zake nawaletea safari hii hakuwa wa Kanisa letu la Anglikana. Alikuwa Mkatoliki, Mwitalia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa udaktari. Alikufa mwaka 1952. Hata hivyo jina lake mnalijua, maana limeandikwa kwenye mabango ya shule nyingi za watoto wadogo katika miji yetu, na nafikiri wapo wanaodhani Montessori ni jina la kampuni au la mji fulani wa Ulaya. Ni jina la mtu, Maria Montessori.

Sababu ya kuandika habari zake sasa mnaijua. Wazazi kadhaa wamenung'unika baada ya ibada, tena si kwa siri, kwamba watoto wanaopelekwa chekechea hushinda wakichezea mchanga na mbegu za mahindi, na daftari linarudi nyumbani jeupe kama lilivyonunuliwa. Mzazi mmoja aliuliza kama ada inalipwa ili mtoto akacheze, kwani mchanga hata kwake Lizaboni upo. Swali hilo ni la haki. Nami miaka ya nyuma nisingeweza kulijibu, maana nilikuwa mmoja wa wale walioona daftari jeupe ni uvivu wa mwalimu. Nitalieleza hilo mbele.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alipenda sana kusoma vitabu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanawake wa huko siku zile. Mwaka 1875 walihamia Roma. Binti alipokua alitaka kwanza uhandisi, akasoma shule ya ufundi pamoja na wavulana, kisha akageuka akasema atakuwa daktari. Baba hakupendezwa hata kidogo. Lakini mama alisimama upande wa mtoto wake, na binti akaingia chuo kikuu. Huko hakuruhusiwa kupasua maiti akiwa pamoja na wanafunzi wanaume, basi kazi hiyo aliifanya peke yake jioni, wenzake wakiisha kuondoka. Mwaka 1896 alihitimu, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupata udaktari katika Italia.

Kazi ilimpeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili za Roma. Zamani hizo watoto wenye ulemavu wa akili walifungiwa humo pamoja na watu wazima, katika vyumba vitupu. Inasimuliwa kwamba mlezi mmoja alimlalamikia juu ya watoto hao, kwamba wakiisha kula hujitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate kama wanyama. Daktari kijana akatazama chumba kile, akaona hakina kitu chochote cha kushika. Hakuna kijiti, hakuna jiwe, hakuna kitambaa. Akafahamu kwamba watoto wale hawakuwa na njaa ya tumbo. Walikuwa wanatafuta kitu cha kugusa kwa mikono yao.

Basi akaanza kusoma maandiko ya madaktari wawili Wafaransa waliomtangulia, Itard na Séguin, waliokuwa wamejaribu kuwafundisha watoto kama hao kwa vitu vya kushika. Mwaka 1900 aliwekwa pamoja na mwenzake kuongoza shule ya watoto wenye ulemavu wa akili mjini Roma. Aliwatengenezea herufi kubwa za mbao, nzuri, zenye rangi, wakazipapasa kwa vidole mpaka wakazijua. Baadhi yao wakafanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu wakashangilia kama waliona muujiza. Yeye akawaza jambo jingine kabisa. Alijiuliza watoto wazima, wenye akili zao timamu, wanafanywa nini huko shuleni hata wanafikiwa na watoto hawa.

Kabla sijafika kwenye jibu lake, kuna habari moja ambayo vitabu vingi vya kumsifu huipita haraka. Mwaka 1898 Maria alizaa mtoto wa kiume, akamwita Mario. Hakuwa ameolewa. Baba wa mtoto alikuwa daktari yule yule waliyefanya kazi pamoja, Giuseppe Montesano, ambaye baadaye alioa mwanamke mwingine. Kwa desturi za Italia ya siku zile mwanamke wa namna hiyo asingepewa kazi tena mahali popote, na jambo likafichwa. Mtoto akapelekwa kulelewa na jamaa moja shamba, nje ya Roma. Mama alikwenda kumtazama, lakini hakujitambulisha kuwa ni mama yake. Kwa hiyo katika miaka ile aliyokuwa akikaa chini sakafuni na watoto wa watu wengine, akichunguza kila kidole kinavyosogea, mtoto wake mwenyewe alikuwa akijifunza kutembea na kusema mikononi mwa wengine. Sisi huku tunao watoto wengi waliolelewa na bibi zao kijijini wakati mama anatafuta riziki mjini, kwa hiyo sidhani tuna haki ya kumtupia jiwe. Lakini sitasema pia kwamba ni jambo dogo. Mario alikuja kukaa na mama yake akiwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, baada ya bibi yake kufariki mwishoni mwa mwaka 1912.

Sasa tuje San Lorenzo. Huo ulikuwa mtaa wa maskini mjini Roma, wenye majumba makubwa yaliyosongamana watu. Kampuni moja iliyatengeneza upya majumba hayo ikapangisha familia za vibarua. Baba na mama walitoka alfajiri kwenda kazini, na watoto ambao hawajafika umri wa shule walibaki peke yao wakichora kuta na kuharibu ngazi. Wenye nyumba walihesabu gharama ya kupaka rangi, wakaona ni nafuu kuwawekea watoto chumba na mtu wa kuwatunza. Daktari Montessori akaombwa asimamie. Chumba kikafunguliwa tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, wakiwako watoto wapatao hamsini. Mlezi aliyewekwa hakuwa mwalimu aliyesomea. Alikuwa mwanamke kijana mkazi wa mtaa huo huo. Daktari alipenda hivyo, kwa kuwa mwalimu aliyesomea angeanza mara moja kufundisha.

Alileta vitu vyake vya kushika. Palikuwa na vipande vya mbao vya unene mbalimbali vya kutumbukiza kila kimoja katika tundu lake, na fremu zenye vitambaa vya kufunga vifungo na kamba. Palikuwa pia na maumbo ya madini, mtoto huyazungushia penseli kisha hujaza mistari ndani yake. Wenye hisani walikuwa wameleta vinyago na wanasesere wazuri. Watoto waliviacha hivyo, wakavamia vile vya daktari, wakarudia kazi moja mara thelathini na arobaini bila kuinua macho. Hapa niwaambie kwamba Montessori mwenyewe hakulipenda sana neno mchezo. Alisema kwa mtoto ile ni kazi, na anayeiita mchezo ni mtu mzima anayetazama kutoka nje. Labda mlezi wetu wa chekechea naye angewaambia wazazi kwamba watoto wako kazini, manung'uniko yangepungua!

Kusoma na kuandika hakukuwa katika mpango wake. Aliona watoto wa miaka minne ni wadogo mno. Walioomba ni akina mama wa San Lorenzo, ambao wengi wao hawakujua kusoma. Walimwendea wakamwambia watoto wao wamejua mambo mengi, basi kwa nini wasifundishwe na hili. Wazee wetu wa hapa Songea wanaokumbuka madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, chini ya miembe, watawaelewa vizuri akina mama wale.

Daktari akakubali. Alitaka atengenezewe herufi za mbao kama zile za kwanza, lakini hakupata wa kuzitengeneza. Basi akakata herufi za karatasi, na nyingine akazikata katika karatasi ya msasa akazibandika juu ya kadi laini. Zikawa bora kuliko zile za mbao za bei kubwa, maana kidole kinachopita juu ya msasa hujua mara moja kikitoka nje ya njia, bila mwalimu kusema neno. Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kabla ya karatasi hiyo kuja madukani, mafundi wetu walilainisha mbao kwa majani makavu ya mti wa msasa, na ndiyo asili ya jina lenyewe.

Kazi ilikwenda hivi. Mtoto hupitisha vidole viwili juu ya herufi, kwa kufuata njia ile ile ambayo penseli itaifuata, na mlezi hutamka sauti yake. Hatamki jina la herufi. Kwa M hutamka mmm, mdomo umefungwa, wala hasemi em. Kisha watoto hupewa sanduku la herufi zilizokatwa moja moja, irabu rangi moja na konsonanti rangi nyingine. Mlezi hutaja neno, mtoto husikiliza sauti zake, hutafuta herufi, huzipanga juu ya mkeka. Hajaandika bado, wala hasomi. Anajenga neno kama anavyojenga nyumba ya matope. Na upande mwingine, kwa kuzungushia yale maumbo ya madini na kuyajaza mistari, mkono wake unazoea kushika penseli bila kujua unazoezwa kwa ajili ya nini.

Ndipo ikaja siku moja ya Desemba 1907, siku ya jua. Daktari alikuwa juu ya paa la nyumba pamoja na watoto wakicheza. Palikuwa na dohani karibu. Akampa mtoto mmoja wa miaka mitano chaki, akamwambia amchoree dohani ile. Mtoto akapiga magoti akaichora vizuri juu ya vigae. Daktari akamsifu. Mtoto akamtazama, akatabasamu, akanyamaza kidogo kama mtu anayetaka kupasuka, kisha akapiga kelele kwamba anaweza kuandika. Akainama akaandika neno la Kiitalia lenye maana ya mkono. Akaandika tena dohani, akaandika paa, huku akipiga kelele. Wenzake wakaja mbio, wakaomba chaki kwa kutetemeka, nao wakaandika. Hakuna aliyekuwa amewahi kupewa kalamu aandike neno hata mara moja.

Baada ya hapo hapakuwa na utulivu. Waliandika sakafuni, milangoni, ukutani. Wenye nyumba waliokuwa wametafuta kuokoa rangi za kuta sijui walisemaje. Akina mama waliwapa karatasi na penseli ili kuokoa nyumba, na hata hivyo mikate ilikutwa imeandikwa kwenye ganda.

Kusoma kulikuja baadaye, na kuna kisa chake. Daktari alifikiri watoto watahitaji kuvutwa. Akanunua vitu vizuri vya kuchezea, akaandika majina yake kwenye vikaratasi, akavikunja. Mtoto akiokota kikaratasi akakisoma sawasawa, anapewa kitu kile achezee. Watoto wakaokota, wakasoma, wakaambiwa chukueni. Hawakutaka. Walitaka vikaratasi vingine. Wakasoma mpaka kapu likaisha, na wanasesere wakabaki wameketi mezani. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alisimama pale akistaajabu.

Hapa ndipo ninapotakiwa kutimiza ahadi yangu. Nilianza ualimu kama kijana wa UPE, katika ule mpango uliofuata Azimio la Musoma la mwaka 1974, nikiwa nimemaliza darasa la saba na kupata mafunzo kidogo. Nilipewa darasa la kwanza katika shule moja ya kijiji, watoto wengi kuliko madawati, na wengine wakijua Kingoni zaidi ya Kiswahili. Nilijua njia moja. Niliandika a e i o u ubaoni, nikashika fimbo, tukaimba. Walioimba vizuri niliwaona werevu. Alikuwako mtoto mmoja wa kike ambaye hakuimba. Alikuwa akichora chini kwa kidole cha mguu. Nilimchapa kwa ajili hiyo mara kadhaa, akaacha kuchora, kisha akaacha kuja. Miaka mingi baadaye, nilipohudhuria semina ya walimu wa awali na kupewa herufi za msasa nizipapase nikiwa nimefumba macho, nilimkumbuka mtoto yule na mguu wake. Nilishindwa kuendelea na zoezi kwa muda.

Ipo sababu moja ambayo huwafanya wengine waseme njia hii ni ya Wazungu haitufai, na ukweli ni kinyume chake. Kiitalia huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Ndiyo maana watoto wa San Lorenzo waliweza kujenga maneno wenyewe kwa kusikiliza tu. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Mtoto wa Mfaranyaki akizijua sauti za a na m anaandika mama, akiongeza b anaandika baba, na hakuna mtu atakayemwambia kwamba kuna herufi nyingine imejificha humo haitamkwi. (Isipokuwa ng', ambayo hutusumbua hata sisi wazee.) Kiingereza ndicho kilichowapa Waingereza tabu na njia hii. Sisi tumepewa lugha inayofunguka mapema, na bado wako wazazi wanaolipa fedha nyingi ili mtoto wa miaka mitatu aanzie lugha ile isiyofunguka.

Tena ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba njia iliyozaliwa kwa watoto wa vibarua imekuwa mahali pengi alama ya shule za wenye uwezo, na vifaa vyake kuuzwa ghali. Vya kwetu havina bei. Mfuko wa saruji hutoa kadi ngumu. Uji mzito wa muhogo ni gundi. Mchanga wa Mto Luhira, ukichekechwa na kukauka, ni msasa. Sinia lenye mchanga mwembamba ni ubao ambao ukikosea unautikisa tu. Mlezi wetu hakuokota mambo haya njiani. Hapa nchini viko vyuo vya kuwafundisha walimu kwa njia ya Montessori, vinavyoongozwa hasa na masista wa Kanisa Katoliki, na cha Msimbazi, Dar es Salaam, kinajulikana sana.

Sehemu iliyobaki ya maisha yake naipita kwa haraka. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya kazi ya San Lorenzo, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Alikwenda Marekani mwaka 1913, na tena mwaka 1915, ambapo katika maonyesho ya San Francisco watu walisimama nje ya kuta za vioo wakitazama watoto wakijifunza. Kisha akakaa Hispania. Kwa miaka kadhaa alipokea msaada wa serikali ya Mussolini kwa ajili ya shule zake, na hilo wengi wamemlaumu, nadhani kwa haki. Lakini serikali hiyo ilipotaka shule ziwe mahali pa kuwafunza watoto utii wa kiaskari, njia zao ziliachana, na mwaka 1934 shule zake Italia zikafungwa. Vita ya Hispania ikamfukuza mwaka 1936, akakimbilia Uholanzi.

Mwaka 1939, akikaribia miaka sabini, alikwenda India kufundisha walimu, Mario akiwa naye. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza waliotawala India wakamweka Mario kizuizini kwa kuwa ni raia wa nchi adui, na mama akazuiwa kusafiri. Tarehe 31 Agosti mwaka huo, siku alipotimiza miaka sabini, mtawala wa India alimpelekea salamu kwamba kwa heshima yake anamwachilia mwanawe. Katika safari nyingi Mario alikuwa ametambulishwa kama mpwa au mwandishi wake. Inasemekana hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wakubwa wa serikali kumwita mtoto wake hadharani. Walibaki India mpaka vita ikaisha, wakafundisha walimu zaidi ya elfu moja, wakarudi Ulaya mwaka 1946.

Tarehe 6 Mei 1952 walikuwa Noordwijk, mji wa pwani ya Uholanzi. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Inasimuliwa kwamba siku hiyo walizungumza juu ya safari ya Afrika, kwenda kufundisha walimu katika Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo mwaka 1957 ilipata uhuru kwa jina la Ghana. Mario aliona joto na umri havitamruhusu. Yeye alitaka kwenda, na mwanawe alitoka chumbani kidogo. Aliporudi, mama alikuwa amekwisha kufariki.

Alizikwa huko huko Noordwijk, katika makaburi ya Wakatoliki. Katika wosia wake alimwandika Mario kuwa mwanawe. Mario aliendelea na kazi ya kufundisha walimu mpaka alipokufa yeye mwenyewe mwaka 1982.